Kisii, Mji Uliotwaliwa na Wenyewe

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kisii hupita kwanza katika nchi ya chini yenye jua kali, kisha akiuacha nyuma mji mdogo wa Oyugis huanza kupanda, na kadiri njia inavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kupoa, udongo kuwa mwekundu na migomba kuisogelea barabara, hata afike mahali ambapo jicho halipati tena kiwanja kilicho wazi, kwa maana kila mteremko una shamba, kila shamba lina nyumba, na nyuma ya kila nyumba pana aila nzima. Atokaye mashariki kwa njia ya Sotik na Keroka huyaona hayo hayo, ila kwake yeye chai huitangulia migomba. Wote wawili hatimaye hushukia mji uliokaa bondeni kati ya vilima, kama maji yaliyotulia chini ya bakuli, na wote wawili wakiulizwa mji waliuingia wapi hutaabika kujibu, kwa sababu Kisii haina lango wala ukingo. Maduka huanza mbali sana kabla ya mji, na migomba huendelea kumea mpaka nyuma ya mabenki.

Hali hiyo ina sababu yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba, na jirani yake Nyamira, ambayo zamani ilikuwa pamoja nayo katika wilaya moja, ilikuwa na watu 605,576, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa watu 82 tu kwa kilomita hiyo moja. Nchi hii imeinuka takriban mita 1,700 juu ya bahari, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ardhi yake haijui kupumzika: mkulima avunapo mahindi leo, kesho hupanda maharagwe palepale. Ndiyo maana nasema kwamba ayatakaye maarifa ya mji wa Kisii asiutenge na mashamba yanayouzunguka, maana mchuuzi anayemwona asubuhi sokoni ndiye mkulima atakayemkuta jioni akikata majani ya ng'ombe, na karani wa ofisini aghalabu huondoka kazini kwenda kulala katika kiwanja cha babu yake.

Lakini ujamaa huu kati ya mji na watu wake haukuwapo tangu asili. Mji wa Kisii ulijengwa na wageni ili kuwatiisha wenyeji, na wenyeji kwa muda mrefu waliutazama kwa mbali, wengine kwa hofu na wengine kwa chuki. Jambo ambalo mimi naliona kuwa la shani katika historia yake ni jinsi Abagusii, ndio wenyeji hao, baada ya silaha zao kushindwa, walivyoutwaa mji huo kwa soko, kwa shule, kwa ibada, na kwa wingi wao wenyewe, hata leo hakuna aukumbukaye ugeni wake isipokuwa mzee au msomi.

Wazee husimulia kwamba kabla Mzungu hajaonekana katika milima hii aliishi mwaguzi aitwaye Sakagwa, ambaye siku moja alikwenda Getembe, pori lililokuwa hapa mji ulipo, akatembea akionyesha kwa kidole: hapa watakaa askari, hapa patajengwa nyumba ya wagonjwa, hapa vijana watafundishwa. Alitabiri kuja kwa wageni weupe, akawaonya watu wake kwamba watanyang'anywa mikuki na ngao. Inasemekana alitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na wapo waliokataa kabisa kusadiki kwamba alikufa. Mimi siioni habari hiyo kuwa ya kupuuzwa, maana ndani yake mna hekima ya watu walioonewa: ikiwa mji ulionekana na Sakagwa kabla haujachimbiwa msingi, basi mwanzilishi wake wa haki ni mwana wa Gusii, na Mwingereza alikuja tu kutimiza neno lililokwisha kutamkwa.

Utimizaji wenyewe ulikuwa mchungu. Mwaka 1905 askari wa King's African Rifles waliingia Gusii kwa mabavu, wakaua watu na kuteka ng'ombe, na mwaka 1907 serikali ikaweka kituo chake hapa chini ya G. A. S. Northcote, kijana wa Kiingereza ambaye wenyeji, kwa kulitamka jina lake walivyoweza, walimwita Nyarigoti. Januari mwaka 1908, Northcote akiwa njiani kukusanya ng'ombe walioamriwa kutwaliwa, kijana mmoja aitwaye Otenyo alimvizia akamchoma mkuki. Nyuma ya Otenyo alikuwapo mwanamke, Moraa, mganga na mwaguzi aliyejulikana kote, ambaye kwa maneno yake makali aliwatahayarisha vijana waliokaa kimya ilhali mifugo yao inachukuliwa. Adhabu iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko kosa: nyumba zilichomwa, mamia ya watu waliuawa kwa bunduki na mizinga ya rashasha, na ng'ombe kwa maelfu walitekwa, hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu katika wizara ya makoloni mjini London, alichukizwa na taarifa za mauaji hayo akahoji kama yalikuwa ya lazima.

Northcote alipona, akaendelea kupanda vyeo hata mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo hakupewa umri huo. Watu wa Kisii husema kwamba aliuawa hadharani mahali ulipo Uwanja wa Gusii leo, na kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na madai ya kutaka kirudishwe kizikwe kwa heshima hayajakoma. Katika uwanja huo, tarehe 20 Oktoba 2020, taifa zima la Kenya liliadhimisha Siku ya Mashujaa. Katika uwanja huo pia timu ya kandanda ya Shabana, iliyorudi katika ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya kukaa nje, hupokewa na maelfu ya mashabiki waliovaa rangi zake, wakipaza mwito wao wa Tore Bobe kwa kishindo kinachosikika mpaka kilima cha Nyanchwa. Sijui uwanja mwingine katika Kenya ambao umebeba msiba na furaha za watu wake kwa kiasi hicho.

Vita vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe navyo viliufikia mji huu mapema. Septemba mwaka 1914 kikosi cha Wajerumani kilichotoka kusini kiliuteka mji, Waingereza wakaja, wakapigana nacho kutwa nzima, na pande zote mbili zikarudi nyuma. Kwa siku chache mji ukawa hauna serikali, na wenyeji, walioamini kwamba enzi ya Mzungu imekwisha, waliyavamia majengo ya serikali na ya misheni wakayapora. Wakati huo ilikuwa imeenea imani ya Mumbo, iliyotoka upande wa ziwa, ikihubiri kwamba wageni wataondoka na watu watarudia maisha yao. Serikali iliiogopa imani hiyo hata baadhi ya viongozi wake wakakamatwa wakahamishwa mpaka Lamu. Msomaji wa pwani na aikumbuke habari hii, kwamba kisiwa chake kiliwahi kuwa kifungo cha watu wa milima ya migomba, ambao bahari walikuwa hawajaiona abadan.

Baada ya hapo mji ulikua taratibu. Walikuwapo askari wa Kinubi na jamaa zao, walikuwapo Wahindi wenye maduka ya nguo, sukari na vyombo vya bati, na kwa vinywa vya watu hao Kiswahili kikaingia katika nchi yenye lugha yake ya Ekegusii, ambayo ni ya Kibantu ingawa imezungukwa na Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na mwaka uliofuata Waadventista Wasabato wakapanda Nyanchwa. Mbegu hii ya pili imezaa sana. Siku ya Jumamosi maduka mengi ya Kisii hufungwa, matatu hupungua, na njiani hupita familia zilizovaa nguo safi, Biblia mkononi, zikienda ibadani bila haraka. Na mgeni aliyezoea miji inayochemka Jumamosi hustaajabu kuuona mji wa biashara kali kama huu ukinyamaza kwa hiari yake.

Lakini mtu asiihukumu Kisii kwa Jumamosi. Na aje Jumatatu au Alhamisi, siku za soko la Daraja Mbili, alfajiri kabla jua halijachomoza, wakati malori yanapogeuzwa kwa shida katika njia nyembamba na bodaboda zinapofika kutoka vijijini, kila moja imebeba mikungu mitatu au minne iliyofungwa kwa kamba za mpira hata dereva mwenyewe haonekani. Ndizi hapa huuzwa mara mbili au tatu kabla hazijaondoka. Mwenye shamba humwuzia broka kando ya barabara, broka humwuzia mwenye lori, na mwenye lori huzipeleka Nairobi, Nakuru au Kisumu, ambako muuzaji wa mwisho huzitangaza kwa jina la Kisii, na jina hilo peke yake humshawishi mnunuzi. Mapatano hufanywa upesi, mkono ukigonga mkungu kuujaribu uzito na ukucha ukikwaruza ganda kuupima ukomavu, na mara nyingi bei huwa imekubaliwa hata kabla ya salamu kuisha. Pamoja na ndizi kuna maparachichi yaliyorundikwa chini, viazi vitamu, wimbi unaopimwa kwa gorogoro, kuku waliofungwa miguu, vikapu, sufuria, nguo za mitumba, na mboga zipendwazo na watu wa hapa kuliko nyama, chinsaga na rinagu, chungu kidogo, zinazopikwa kwa maziwa na kuliwa na obokima, yaani ugali, wa wimbi.

Soko hili ni milki ya wanawake. Wanaume wapo, hasa penye malori na mifugo, lakini sauti inayoamrisha ni ya mama aliyekaa juu ya gunia, leso imefungwa kiunoni, pesa zimefungwa katika ncha ya leso ingawa simu ya kupokelea malipo iko mapajani. Nimeketi karibu na akina mama hao nikawasikiliza. Humwamkia mteja kwa "Bwakire", huuliza hali ya mume, ya watoto, ya ng'ombe, hupunguza bei kidogo huku wakiapa kwamba wamepata hasara, kisha huongeza ndizi mbili juu ya chana walichouza, kwa kuwa mteja asiyeongezewa hujiona amedharauliwa. Faida yao ni ndogo. Na juu ya faida hiyo ndogo, naweza kushuhudia bila kuogopa kukanushwa, zimesimama karo za shule za nusu ya Gusii.

Aghalabu mchana, saa nane au saa tisa, wingu jeusi hutokea juu ya vilima na mvua hunyesha. Hakuna anayeshangaa. Turubai hukunjuliwa, watu husimama chini ya vibaraza vya Wahindi wa zamani, radi hupiga kwa nguvu ambayo watu wa nchi kavu hawaijui, na kwa muda wa saa moja mji mzima hugeuka mfereji mwekundu unaoshuka kwenye kijito cha Nyakomisaro. Kijito hicho kinanisikitisha. Hupokea taka za soko, za gereji na za nyumba za kupanga, na mji unaojivunia mvua kiasi hiki ungepaswa kuuona aibu mto uliochafuka katikati yake.

Mapigo ya biashara mjini hufuata mwezi wa chai. Kahawa iliruhusiwa kulimwa na Waafrika hapa katikati ya miaka ya 1930, mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya, na machifu kama Musa Nyandusi walikuwa mstari wa mbele kuipanda. Lakini siku hizi zao litawalalo nyanda za juu, hasa Nyamira, ni chai. Mkulima mwenye kipande kisichozidi ekari moja huchuma majani mawili na chipukizi lake, huyabeba mgongoni mpaka kituo cha kununulia, husubiri gari la kiwanda, pengine mpaka usiku njia zikiwa tope, na majani hayo huenda Nyankoba, Kebirigo, Sanganyi au Tombe. Kila mwezi hulipwa kidogo, na mara moja kwa mwaka, yapata Oktoba, hulipwa bonasi. Siku ile bonasi itokapo mtu hahitaji gazeti: maduka ya mabati yana foleni, wauza magodoro hawapati nafasi ya kula, na mafundi seremala huongeza vibarua. Na inapokuwa ndogo, kama ilivyo mara nyingi kwa mkulima wa huku akilinganishwa na mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, manung'uniko husikika katika kila matatu, tena ni manung'uniko ya haki.

Nyamira yenyewe ni mji mdogo, mtulivu, uliozungukwa na kijani cha chai, na watu wake hawapendi kuhesabiwa kuwa kiambatisho cha Kisii. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 mpaka kati ya ndugu hawa wawili umepata uzito mpya, na uzito huo huonekana zaidi Keroka, ambako mpaka hupita sokoni, na serikali mbili zimewahi kugombea ushuru wa wachuuzi walewale. Kwa wachuuzi wenyewe ubishi huo hauna maana kubwa. Wanaoana, wanazikana, wanasalimiana kwa lugha moja, na huvuka mpaka mara kumi kwa siku wakitafuta chenji.

Upande wa pili, kusini-magharibi ya mji, iko Tabaka, ambako ardhi imejaaliwa jiwe laini la waridi, jeupe na kijivu, ambalo huchimbwa mashimoni kwa majembe na mitaimbo. Mwanamume hulikata kwa panga likiwa bado na unyevu, hulichonga kwa kisu na patasi, kisha wanawake na vijana hulisugua kwa msasa majini na kulipaka nta hata ling'ae. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ametoka na jiwe hilo mpaka Paris, ambako sanamu yake ya ndege wa amani imewekwa katika makao makuu ya UNESCO. Wachongaji wengine wengi, wenye vipaji visivyo haba, huuza vifaru na sahani kwa wafanyabiashara wanaozipeleka ng'ambo, na sehemu kubwa ya bei hubaki njiani.

Maadamu ardhi haiongezeki na watoto huongezeka, baba wa Gusii amejifunza kurithisha elimu mahali pa shamba. Shamba la babu liligawanywa kwa wana watano, na la kila mwana kwa wana wake, mpaka vipande vingine vimekuwa haba hata kwa kujenga nyumba mbili. Kwa hiyo shule zimejaa, na chuo cha ualimu kilichoanzishwa mjini mwaka 1965 kikakua hata kikawa Chuo Kikuu cha Kisii mwaka 2013, na wanafunzi wake wameifanya mitaa ya karibu kuwa ya vyumba vya kupanga na maduka ya kunakili karatasi. Hospitali kuu ya mji, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya wanajeshi wa Kiingereza, sasa hupokea wagonjwa kutoka kaunti za jirani hadi mpaka wa Tanzania. Na katika riadha, ambayo haihitaji shamba, nchi hii imeipa Kenya sifa ya kwanza kabisa: Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, ndiye aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968, na mwaka 1993 Yobes Ondieki wa Kisii akawa mwanadamu wa kwanza kuumaliza umbali huo chini ya dakika 27. Naona ni makosa makubwa kwamba mgeni anaweza kuzunguka mji mzima asikutane na kumbukumbu inayowastahili watu hawa.

Liko pia jambo ambalo mpenzi wa mji huu hana ruhusa ya kulifunika. Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi, na hawakuwa wa kwanza. Wengi wa wanaoshutumiwa hivyo ni wajane, wamezeeka, na mara nyingi wana kipande cha ardhi ambacho mtu fulani anakitaka. Watu waliomheshimu Moraa kiasi cha kuisimulia habari yake kwa zaidi ya miaka mia moja wanajua vyema thamani ya mwanamke mzee, nami nawaomba viongozi wa dini na wa serikali, ambao sauti zao husikilizwa sana hapa, walikemee jambo hili madhabahuni na barazani bila kuchoka.

Wengi wa wana wa Gusii sasa wako ghaibuni. Wako Nairobi na Mombasa, wako Ghuba, na katika jimbo la Minnesota huko Marekani wamekuwa wengi hata makanisa yao huimba kwa Ekegusii wakati theluji inaanguka nje. Fedha zao ndizo zinazojenga maghorofa yanayochomoza kila mwaka katika mitaa ya Mwembe, Jogoo na Nyanchwa, baadhi yakiwa marefu kupita hekima ya mteremko yaliposimama. Wao huyaita makao, ingawa wanalala humo wiki mbili kwa mwaka. Desemba ikifika hurudi: magari ya namba za Nairobi hujaza barabara ya Hospitali, njia panda ya Capital haipitiki tangu asubuhi mpaka usiku, vinyozi hukesha, mahari hulipwa, makaburi ya wazee hujengewa saruji, na kesi za mipaka ya mashamba zilizongoja mwaka mzima husikilizwa chini ya miti mbele ya wazee wa ukoo. Mwezi wa Januari magari hayo huondoka yakiwa yamejazwa nyuma mikungu ya ndizi, magunia ya maparachichi na mafungu ya chinsaga yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na akina mama wa Daraja Mbili, ambao ndio waliouza yote hayo, huanza kuhesabu karo ya muhula wa kwanza.